Siku Mtu wa Pampu Alipotaka Kuuza

Katika mji ule bei ya nyumba haikuulizwa kwa dalali. Iliulizwa kwa bomba.

Bomba lenyewe lilitokeza nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba za wachimbaji, nene kama pipa la mafuta. Maji yaliyovutwa kutoka shimoni yalimwagikia pale mchana kutwa, yakaingia mtaroni na kwenda zake. Yalikuwa maji ya rangi ya kutu, hata mbwa aliyanusa akageuka. Lakini watu waliyapenda. Mwanamke akitoka kuanika nguo hutega sikio kwanza. Bomba likinguruma, basi mgodi ungali hai, wanaume wana kazi au wataipata, na nyumba ina bei. Maana mgodi wa shaba wa chini kwa chini ukiacha kuvutwa maji, haupiti mwezi unajaa kama kisima, na ukishajaa hakuna tajiri atakayeutazama tena.

Hawakuyatoa hewani hayo. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na mgodi mwingine, uliofungwa zamani. Pampu zake zilizimwa siku ileile ya kufunga, na sasa katika nyumba za kule wanalala popo. Huu wa kwao nao uliwahi kusimama, miaka sita nyuma, miezi minane mizima, ila pampu hazikuzimwa hata siku moja. Na kweli, bei ya shaba ilipopanda kazi ikarudi, nyumba zikaruka mara mbili, na wale waliouza kwa woga wakalia kilio cha msibani. Toka hapo ikawakaa kichwani: sura za wakubwa zitadanganya, barua zao zitadanganya, bomba halidanganyi.

Na mwenye bomba alikuwa mzee mmoja mgane waliyemwita Mzee Pampu. Miaka ishirini na saba alishuka kwenye chumba cha pampu, chini kabisa, ambako joto linamfanya mtu atoe jasho akiwa amekaa. Mashine sita. Alizijua kwa mlio kama mama anavyojua kikohozi cha kila mwanawe. Shule hakufika mbali. Alijua kusoma saa za presha na kuandika jina lake, na hayo mgodi uliyaona yanatosha. Mkewe alifia katika zahanati ya mgodi, asubuhi ambayo daktari alikuwa kwenye kikao cha kupunguza matumizi. Walipunguza kweli. Tangu siku hiyo mzee akimwona mtu wa ofisini hutema mate pembeni, si kwa matusi, kwa mazoea.

Kitu kilichomshikilia duniani kilikuwa nyumba ya tatu kutoka yake, ambako binti yake wa pekee aliishi na mumewe na watoto wawili. Binti alikuwa akimletea chakula jioni, akimfulia, akimgombeza kwa kuvaa viatu vya kazini ndani. Yule mkwe alikuwa mtoboaji wa mwamba, kijana mwenye kifua na maneno machache. Nyumba waliinunua kwa mgodi wakati mgodi ulipowauzia wafanyakazi, bei ikiwa juu: milioni kumi na nane, zikikatwa kwenye mshahara miaka saba. Wakubwa waliwapigia makofi siku ya kuwapa hati. Mtu akikuuzia kitu akakupigia na makofi, kumbe ndipo pa kushtuka.

Bei ya shaba ilipoanguka huko duniani, majina yakabandikwa kwenye ukuta wa bwalo. Mia nane na kitu. Mkwe alisimama foleni kusoma ukuta kama anayesubiri chai, akajiona katikati ya karatasi ya tatu. Barua ilisema "mapumziko ya muda." Mtu akimwagiwa unga anaambiwa apumzike.

Mzee Pampu hakuguswa. Watu wa pampu kumi na wawili waliachwa wote. Na bomba likaendelea kunguruma.

"Si unaona?" aliwaambia majirani, akivua kofia ya kazi. "Mtu anayetaka kufa hanywi dawa. Wangekuwa wanaua mgodi wasingelipa umeme wa pampu sita."

Mji mzima ukapumua. Nyumba zilishuka bei, lakini hazikuanguka. Zilikaa mahali, kama mtu aliyeshikwa mkono.

Basi mwezi wa tatu wa mapumziko hayo, dalali akaleta mteja. Huyu dalali walimwita Bwana Kesho, kwa sababu mteja wake daima yuko njiani, anafika kesho. Safari hii kweli alifika: mkunga mstaafu, mama mnene mwenye miwani, aliyetaka nyumba ya kufungulia kliniki ya kuzalishia. Aligonga kuta kwa vidole, akafungua bomba la jikoni, akauliza mvua huingia wapi. Mwisho akasema milioni kumi na moja, taslimu, na apewe jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Jumapili ile mchana mkwe alimwita mzee. Alikuwa amevaa shati la kutokea, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Baba, kaka yangu ana gereji huko mjini, barabara kuu. Mwenzake amejitoa. Ananitaka mimi, ila niingie na hela. Milioni kumi. Nafasi hiyo ataishika mpaka mwisho wa mwezi, zaidi hawezi."

"Kwa hiyo uuze nyumba."

"Ndiyo nakuuliza wewe, baba. Wewe ndiye uko shimoni. Mimi naona giza tu."

Binti alikuwa mlangoni, mikono ina povu la sabuni. "Hakuna cha kuuliza. Kumi na moja ni hela. Mtu wa kununua nyumba hapa ametoka wapi kama hakuletwa na Mungu?"

"Mliinunua kumi na nane," mzee alisema.

"Baba, kumi na nane iko kwenye makaratasi. Kumi na moja iko kwenye mkoba wa yule mama."

"Hizi nyumba zilifika ishirini na tano mwaka ule kazi iliporudi. Unakumbuka? Mjomba wako aliuza nane, mpaka leo akipita pale anaangalia upande wa pili." Akamgeukia mkwe. "Sikiliza, mwanangu. Juzi yule mhandisi kijana, Kofia Nyeupe, amenishukia mwenyewe. Kaniambia nishushe maji zaidi, mpaka sakafu ya chini kabisa ionekane. Sakafu ile haijaonekana mwaka mzima. Mtu anakausha sakafu ya chini ya nini, kama si kuchimba? Wewe ni mchimbaji, niambie wewe."

Mkwe alifikiri, macho yakapata mwanga. Alikuwa mchimbaji, na hoja ile ilikuwa ya kichimbaji. "Sakafu ya chini ndiko kuna mawe mazuri," alisema polepole.

"Basi."

"Kwa hiyo nisiuze?"

"Usiuze. Ngoja miezi miwili."

Binti alikausha mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. "Baba, nikuulize. Hapo umesema kama mtu wa pampu, au kama baba ambaye hataki tuondoke?"

"We mtoto una mdomo."

"Nimerithi. Jibu basi."

Mzee alicheka, akainuka kutafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani. Mkwe, kwa heshima, hakulirudia swali. Angekuwa baba yake mzazi angebishana naye. Baba mkwe akishasema, kijana mwenye adabu anaitikia, na yule alikuwa na adabu kupita kiasi cha kumfaa.

Mkunga akaambiwa wanafikiri kidogo. Habari ya sakafu ya chini ikazunguka mitaani, na wiki ile mtu mmoja akauza kibanda chake cha uani kwa bei iliyopanda kidogo. Watu walimsalimia Mzee Pampu kwa mbali, wakimpungia mikono miwili. Alitembea kifua mbele. Zilikuwa wiki mbili nzuri, ziandikwe hivyo.

Kule chini sakafu ikatokea, nyeusi, ina tope la kufika magotini. Wakashushwa watu wageni, wenye mitungi ya gesi ya kukatia vyuma. Mzee aliwatazama kutoka mlango wa chumba cha pampu. Walikwenda kwenye mashine za kupakia mawe zilizokuwa zimezama, wakaziosha, wakazipiga namba kwa rangi ya njano.

"Mnazitengeneza?" aliuliza.

"Tunaandika mali," mmoja alisema.

Mali haina ubaya kuandikwa. Siku tatu baadaye mashine ya kwanza ilipandishwa juu, imekatwa vipande vitatu. Mzee akajiambia inakwenda karakana. Ya pili ikapanda. Ya tano. Zikapanda na reli, zimeng'olewa kama mbavu za samaki. Ndipo akaanza kushuku, lakini hakumwambia mtu, hata mwenyewe hakujiambia vizuri. Mtu akishasema neno mbele ya mji mzima, masikio yake ndiyo ya mwisho kulikana.

Jumatatu, Kofia Nyeupe alishuka na daftari lake. Alikuwa kijana msafi, hata huko chini alinuka sabuni.

"Mzee wangu, kazi nzuri sana. Nakuomba kitu kimoja. Tushikie maji hapohapo mpaka Alhamisi. Zimebaki mashine mbili na transfoma, tutakuwa tumemaliza."

"Mkimaliza tunaanza kuchimba?"

Kijana alimtazama kama aliyeulizwa kwa lugha nyingine. "Kuchimba nini, mzee?"

"Sakafu si imekauka?"

"Ilikaushwa ili tutoe vifaa. Vimeshapata mnunuzi." Akashusha sauti, labda kwa huruma. "Hukuambiwa?"

"Na pampu?"

"Mbili zitatoka. Hizo nne zitaachwa humu, ni za zamani mno, gharama ya kuzipandisha inazidi bei yake."

Mzee aliweka kiganja juu ya pampu ya nne, ambayo alikuwa ameifunga bearingi mpya kwa mikono yake mwaka jana. Ilikuwa ya moto na ikitetemeka, inafanya kazi. Miezi mitatu alikuwa akivuta maji ili wezi wenye hati wapite bila kulowa. Ndivyo alivyowaza, na mpaka leo nani atamwambia amekosea? Wale waliojua walikuwa juu, wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, wanasikia mji mzima ukisema bomba, bomba, na hakuna aliyefungua kinywa. Maana mji wenye matumaini haurushi mawe kwenye malori yanayobeba vyuma.

"Usiseme huko juu, mzee," Kofia Nyeupe alisema. "Mpaka tangazo rasmi."

"Sawa, bosi," mzee akajibu, mara ya kwanza katika maisha yake kumwita hivyo mtoto wa rika lile.

Alipanda na zamu ya saa nane mchana. Hakuoga. Alipita geti akiwa na tope mpaka kiunoni, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Kesho. Zilikuwa zimebaki siku nne mwezi kuisha, na mkunga hakuwa amesema hapana. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwake.

Bwana Kesho alikuwa na meza barazani, ukuta mmoja na kinyozi. Wateja watano wa kinyozi walikaa kwenye benchi. Hapo ndipo mzee alipokosea, kosa ambalo mtu mwingine yeyote wa mji ule angelifanya bila madhara.

"Tafuta yule mama mkunga," alisema. "Mwambie mkwe wangu anauza. Leo. Hata kumi. Hata tisa."

Mashine ya kinyozi ikazimwa.

Mtu aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, aligeuka taratibu. "Mzee Pampu. Umesema unauza?"

"Si mimi. Mkwe."

"Na bomba?"

Mzee alitazama kule nyuma ya nyumba. Bomba lilikuwa linasikika kutoka pale pale, linanguruma kama siku zote. "Bomba lipo," alisema.

Yule mtu akasimama na shuka la kinyozi shingoni, akaondoka mbio nalo. Wa benchi wakamfuata. Kinyozi akabaki ameshika mashine, kisha naye akafunga mlango.

Bwana Kesho alijishika kichwa. "Mzee wangu! Ungenivuta pembeni! Ungeninong'oneza! Miezi mitatu nakuomba habari unaninyima, leo unaitoa kama mwadhini?"

"Mpigie simu yule mama."

"Nampigia. Lakini wewe ukiuza, nani atanunua? Mji huu ulikuwa unakaa juu ya mdomo wako."

Mkunga alisema atafika asubuhi na hela. Na alifika, mwanamke mkweli, saa tatu kamili, mkoba kwapani. Mkwe alikuwa mlangoni na hati mkononi, binti amefagia mpaka barabarani. Lakini kutoka kituoni mpaka pale, mama yule alikuwa ameipita mitaa minne, na kila ukuta wa pili umeandikwa kwa mkaa INAUZWA, mwingine INAUZWA HARAKA, mwingine NJOO TUONGEE. Mzee mmoja alikuwa ameandika kwenye mlango wa choo kwa kukosa nafasi ukutani. Watu walimfuata yule mama njiani wakimtajia bei kama wauza nyanya: nane, sita, mama, kwangu tano na kitanda nakuachia.

Alisimama mbele ya mkwe, amechoka. "Mwanangu, hapa kumeingia ugonjwa gani?"

"Kazi tu, mama. Nyumba ni ileile uliyoiona."

"Nyumba naiona. Si nyumba niliyotaka, nilitaka wajawazito. Hawa wote wakiondoka nitamzalisha nani?"

"Chukua kwa sita," binti alisema nyuma ya mumewe.

Mkunga alivua miwani akaifuta. "Hata kwa mbili, binti yangu, itakuwa kaburi la hela yangu. Nisamehe." Akamsalimia Mzee Pampu kwa heshima, bila kujua ni nani, akarudi kituoni. Watu waliendelea kumfuata mpaka alipopanda gari. Wakati wote huo bomba lilikuwa linamwaga maji nyuma yao, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelisikiliza.

Alhamisi jioni Mzee Pampu alizima swichi sita, moja baada ya moja, kwa sababu ndiye aliyekuwa zamu. Tangazo rasmi likatoka wiki mbili baadaye, likiwashukuru wafanyakazi kwa uvumilivu.

Nafasi ya gereji ikaenda kwa mtu mwingine. Kaka wa mkwe alisema waje tu, kijana atakuwa fundi msaidizi, watapata chumba kimoja cha kupanga. Nauli ya familia na kodi ya kuanzia vikatafutwa mahali pa kupatikana, na palikuwa mahali pamoja tu: juu ya paa. Mnunuzi wa mabati alikuwa ameanza kupita na lori. Hakununua nyumba. Alinunua mabati, milango, fremu za madirisha, na kuta akawaachia wenyewe.

Mzee alishika ngazi. Mkwe alikuwa juu ya paa na nyundo, aking'oa misumari aliyoipigilia mwenyewe.

"Baba, shika vizuri, inacheza."

"Nimeshika."

"Likija hili usilipokee kwa mkono mtupu, lina makali."

Hakuwahi kumlaumu, yule kijana. Ingekuwa afadhali angetukana. Ndani, binti alikuwa anafagia chumba ambacho jua lilikuwa limeshaingia mpaka katikati ya sakafu. Mzee akamwambia kupitia dirisha lisilo na kioo, "Acha kufagia, mwanangu, ya nini?"

"Nikiacha nitasema," alijibu, "na nikisema hutapenda."

"Sema."

Ufagio ukasimama. "Nilikuuliza swali, baba. Ulitafuta kofia."

Mzee alikaza mikono kwenye ngazi. Alikuwa na majibu. Kwamba wakubwa walimficha, kwamba Kofia Nyeupe alimwambia ashushe maji bila kumwambia kwa nini, kwamba mgodi mzima ulidanganywa, si yeye peke yake. Yote kweli tupu. Lakini swali la binti halikuhusu wakubwa, na jibu lake lilikuwa "kama baba", alijua tangu Jumapili ile kwamba ni hilo. Ufagio ukaendelea.

Mnunuzi wa mabati aliyakagua moja moja akiyainua juani. "Matundu mengi. Huyu aliyepigilia alikuwa na hasira gani?"

"Nilikuwa na furaha," mkwe alisema kutoka juu.

Walipakia saa sita: mabati ishirini na nane, milango mitatu, watoto wawili, magodoro, masufuria ndani ya beseni. Lori lingewashusha kituoni. Mjukuu mdogo aliuliza kama babu naye anapanda.

"Tukitulia tutakuita, baba," mkwe alisema, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Chumba kimoja," mzee akasema.

"Tutapata viwili."

"Haya."

Binti alimvua kofia, akamfuta vumbi la kichwani kwa kiganja, akamvisha tena. Akapanda mbele na kutazama kioo cha mbele.

Dereva alikuwa bado anafunga kamba. Mzee Pampu akamsogelea mnunuzi wa mabati, akajikohoza.

"Na yangu? Ile ya tatu pale. Ukinipa nauli tu."

Yule mtu aligeuza shingo, akaitazama nyumba kutoka pale alipo. Hata hatua moja hakuisogelea.

"Ile ya upande wa bomba? Mvuke wa maji ya shimo umeshayala mabati yale, mzee. Ukiyagusa yanapukutika." Akapanda lorini, akafunga mlango, akatoa kichwa dirishani. "Wewe kaa nayo tu."